Naye Anachukua Nini?

Tarehe 3 Septemba

Kwako mdogo wangu Kitinda,

Salaam nyingi. Nimeamua kukuandikia kama zamani ulipokuwa shule ya bweni, maana simu yako siku hizi anaishika Meneja wa kampeni, na kila nikipiga ananiuliza mimi ni mpiga kura wa kata gani. Juzi nilimjibu kwamba mimi na mgombea wake tulitoka tumbo moja. Akaniambia nisubiri, mbele yangu kuna watu. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la maziwa. Yeye anasema hakosi kukupita njiani, mara nyingi umesimama kando ya gari bovu.

Kitinda, huku hakukaliki kwa furaha. Tangu redio itangaze kwamba umepitishwa kugombea ubunge, mlango wangu haufungwi. Wanawake wa sokoni wamenibandika jina, Dada Mheshimiwa, na mimi najifanya silipendi. Fundi wa kuchomelea hapa jirani ameandika jina lako kwa rangi kubwa kwenye geti la mteja. Sasa mteja mwenyewe ni wa upande wa mpinzani wako, hataki kulichukua, na fundi hataki kulifuta. Geti limesimama barabarani kama mgombea wa tatu.

Cherehani yangu haipumui. Nashona bendera zako asubuhi hadi jioni. Kitambaa cha zambarau kiliniishia, nikakata pazia la chumba cha nyuma, kwa hiyo ukiona bendera yenye maua madogo pembeni ujue hiyo ni yangu.

Nikwambie na la moyoni. Tangu shemeji yako atutoke, hii ndiyo mara ya kwanza nimejikuta nacheka peke yangu. Sanduku lake la mnadi, lile alilosimama juu yake akinadi, bado liko nyuma ya mlango, na kengele juu yake. Sokoni wamepata mnadi mwingine, kijana mwenye sauti nzuri, lakini ananadi vitu akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki kinachopinda. Mara mbili nimetaka kumpa lile sanduku. Nikiligusa nashindwa. Lina alama za visigino vyake.

Unakula? Usinidanganye.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 9 Septemba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi, na hii ya kukujibu naiandika hapohapo. Gari limekataa kupanda kilima tena. Ni giaboksi. Wananchi walilisukuma huku wakiimba jina langu, nikaona haya na nikafurahi kwa pamoja, sijui moyo unawezaje kufanya yote mawili.

Dada, watu wanatungoja. Jana tulichelewa hadi jua likaanza kuzama, nikajua uwanja utakuwa mtupu. Hawakuwa wamepungua. Bibi mmoja alinishika shavu akalalamika kwamba nimekonda kuliko picha. Nikishuka jukwaani nikapanda gari, natamani kushuka tena. Mimi, karani wa mizigo wa stesheni. Ungeniona.

Sasa nina ombi. Mwenye Kinu anataka tuzungumze. Unamfahamu, ndiye mwenye kinu kikubwa cha unga karibu na stesheni. Ana magari, na sisi tuna hili moja linalosukumwa. Hotelini kuna macho mengi, na ofisi yetu ya kampeni watu wanaingia na kutoka bila kubisha. Nimefikiria sebule yako, Jumamosi mchana. Nani atashangaa mimi kuja kumjulia hali dada yangu mjane? Naye alikuja msibani, anaweza kupita kukusalimia.

Ni mazungumzo tu, ya faragha. Mkono mtupu haulambwi, dada, na huu wangu umekuwa mtupu kweli. Kata za mlimani hazijaniona hata sura, na bila magari hazitaniona.

Nakula. Ndizi moja nimekula hata sasa.

Kitinda wako.


Tarehe 11 Septemba

Kwako Kitinda,

Sebule ni yako, hilo hata si la kuomba. Nimefurahi mno. Nimepiga deki, nimetoa vitambaa vya viti nilivyoshona mwaka nilioolewa, na vikombe vyenye mstari wa dhahabu nimevishusha kabatini. Kimoja hakina mkono. Hicho utakinywea wewe, mgeni asikione.

Umesema faragha, nami nimeelewa, hutaki kelele. Nimemwomba fundi wa kuchomelea apumzishe mashine Jumamosi mchana kwa kuwa mdogo wangu ana maongezi na Mwenye Kinu. Amekubali. Mama Viatu, yule anayeuza viatu vya mtumba mbele ya kizingiti changu, atasogeza meza ili gari la mgeni lipate pa kusimama. Nimewaambia wote wanyamaze. Wamefurahi kama mimi.

Mwenye Kinu namheshimu. Siku ya mazishi alileta unga wa kulisha watu wote na hakutoa hotuba. Wengi waliotoa hotuba hawakuleta hata kiberiti.

Nimemkumbuka shemeji yako leo nikipanga viti. Unajua watu walikuwa wakija hapahapa sebuleni kabla ya siku ya mnada. Mtu kapenda kabati, anataka awekewe pembeni, wengine wasilione. Shemeji yako hakumfukuza mtu. Alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaniita, “Mke wangu, toa bei nje.” Nami nilikwenda kizingitini, kinachotazamana na soko, nikagonga kengele, nikawatangazia wa sokoni kwamba kabati limetajiwa bei hii na mzee fulani, je, yupo wa kuongeza? Wengine walinuna. Mmoja alitoka na kikombe changu mkononi kwa hasira, akakirudisha siku ya tatu. Lakini marehemu alikuwa akisema bei ya kunong’ona haijawa bei, bado ni uvumi. Na wa nje nao walizoea kunijibu, “Naye anachukua nini?” Maana mtu anaweza kutaja bei ya kabati kumbe hesabu yake ni kabati na kitanda.

Basi. Njoo mapema, ule kwanza.

Dada yako.


Tarehe 16 Septemba

Dada,

Jana niliondoka bila kuaga, naomba radhi kwa hilo. Kwa mengine sijui nani amwombe nani radhi.

Nilikuomba sebule, sikukuomba mnada.

Nimejaribu kulielewa jambo lile nikiwa garini, nimeshindwa, kwa hiyo nakuandikia kama nilivyoliona. Mwenye Kinu anaingia kwa adabu. Anakupa pole. Anakaa. Unatuletea chai, na wakati unamimina anasema yuko tayari kutoa magari matatu, yenye madereva na mafuta, hadi siku ya kura. Nageuka kumshukuru. Nikigeuka tena, birika liko mezani, wewe hupo. Kisha nasikia kengele ya marehemu. Kisha nasikia sauti yako, dada yangu ninayemfahamu tangu nazaliwa, ikiliambia soko zima kwamba Mwenye Kinu amempa mdogo wako magari matatu.

Hata hilo ningelibeba. Lakini ukarudi ndani, umeshika kengele, uso umejaa furaha, ukasimama mbele ya mgeni na kumwambia, “Wanauliza, naye anachukua nini?”

Yule mzee aliweka kikombe chini kana kwamba kimemuunguza. Meneja anasema sasa kila kijiwe kina tafsiri yake. Mpinzani wangu jana ileile alisimama jukwaani akasema mimi nimenunuliwa sebuleni kwa dada yangu.

Nikwambie kampeni inaendeshwa na nini. Inaendeshwa na mafuta. Ukiwa na watu bila mafuta, watu hao watakusukuma hadi wachoke. Kila mgombea anakaa na wenye nacho, na anayekwambia hakai nao alikaa nao jana. Kuongea si kuiba. Sikutia sahihi, sikupokea funguo, hata chai sikuimaliza. Kama kunywa chai na tajiri ni rushwa, basi kila harusi ni rushwa na kila msiba ni rushwa, na ule unga ulioliwa matangani ulikuwa rushwa.

Nimeandika kwa hasira. Nikiiacha hadi kesho sitaituma.

Kitinda.


Tarehe 18 Septemba

Kwako mdogo wangu,

Nimeipokea. Nililia kidogo, kisha nikaosha vikombe, maana vilikuwa bado mezani tangu Jumamosi, sikuwa na moyo wa kuvigusa.

Nisamehe kwa aibu niliyokutia. Nilifikiri faragha ni utulivu. Na niliposikia magari matatu, moyo uliruka, miguu ikanipeleka yenyewe mahali ilikozoea. Sikuwa nakushtaki, Kitinda. Nilikuwa najivuna. Miaka yote ile nilitoa bei za makabati ya watu, na hii ilikuwa mara ya kwanza nina habari ya ndugu yangu mwenyewe.

Wewe hukuona nje, acha nikusimulie. Walishangilia. Mama Viatu alirusha kiatu juu, kikaangukia bati la fundi na bado kiko huko. Kisha yule mzee anayetengeneza saa akainua mkono, kama enzi za shemeji yako, akauliza naye anachukua nini. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza ikiwa kabati linakuja na funguo. Na mimi nikarudi ndani kuwauliza ninyi.

Nilidhani mtanijibu kwa neno moja kwamba hachukui kitu. Mngenijibu hivyo ningetoka nikalitangaza na hilo, tukaendelea na chai. Lakini mlitazamana.

Mwenye Kinu nilimsindikiza hadi kwenye gari. Aliinamisha kichwa akaniambia, “Mama, sikuomba kitu. Nilimwambia Kitinda anikumbuke tu akifika huko.” Nikampa mkono, nikamshukuru, akaondoka. Nilikuwa nimerudi kwenye cherehani ndipo sindano ikasimama. Kitinda ni jina la nyumbani. Mama alikuita hivyo, mimi nakuita hivyo, na marehemu. Haliko kwenye bendera hata moja, nami ndiye nazishona, wala mbele yake sikulitamka. Na pale sebuleni, hata kwa barua yako mwenyewe, hakusema neno la kutaka akumbukwe. Alilisema wapi?

Mlikuwa mmeshaonana?

Kuhusu rushwa, mimi sheria siijui, shule yangu unaijua ilikoishia. Ila nimeisoma barua yangu yote ya nyuma kwa kumbukumbu, na sikulitaja neno hilo. Umelitaja wewe kwanza.

Dada yako anayekupenda.


Tarehe 20 Septemba

Dada,

Ndiyo. Tulishaonana mara mbili, ofisini kwake kinuni. Unga unashuka juu ya meza polepole, ukiondoa mkono unaacha alama. Mara ya kwanza alinisifu tu, akaniuliza nyumbani wananiitaje, nikamwambia. Mara ya pili alinionyesha ramani ya uwanja wa soko letu.

Unga wake unalowa stesheni kila mvua ikinyesha. Hilo nalijua kuliko yeye, mimi ndiye nilikuwa napokea magunia yaliyogeuka ugali kabla ya kufika jikoni. Anataka kujenga ghala upande wa mashariki wa uwanja. Uwanja ni wa umma, unagawiwa na baraza, na mbunge ana kiti katika baraza. Alipoweka kidole kwenye ramani, dada, kidole kilitua pale shemeji alipokuwa akiweka sanduku lake. Nililiona hilo. Sikusema.

Akaniambia, “Sikuombi ahadi. Unikumbuke tu.” Nami nikamjibu, “Nitakukumbuka.” Ni neno dogo. Watu wanaambiana kila siku kwenye vituo vya basi. Ndiyo maana nilishangaa kwamba baada ya kulisema nilinawa mikono pale bombani kinuni, kwa muda mrefu, nikijiambia ni unga.

Hasira yangu imekwisha, nimebaki na swali, nami nakuuliza wewe kwa sababu Meneja nikimuuliza ananiambia ninyamaze, watu watasahau. Bila magari, ningekubali ghala lijengwe? Labda ningekubali. Unga unalowa kweli. Lakini sasa siwezi tena kujijua. Nikisema ndiyo, sijui kama anayesema ni karani aliyebeba magunia mabovu au mgombea anayetaka kupanda mlima. Magari yenyewe sijayapanda hata moja, na tayari siwezi kujijua.

Niambie nifanye nini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nahutubia hapo sokoni.

Kitinda.


Tarehe 23 Septemba

Kwako Kitinda wangu,

Ahsante kwa kuniambia. Nilikwenda kusimama pale upande wa mashariki. Kuna mama anauza vitunguu sasa. Nilikasirika kidogo, nisikufiche. Si kwa sababu ya ghala. Nilikasirika kwamba mahali pake pamezungumzwa, halafu mimi ndiye nikamimina chai bila kujua.

Kisha nikanunua vitunguu, nikarudi nyumbani nikafikiri.

Shemeji yako naye alikaa na matajiri. Alicheka nao, alikula nao, mmoja alisimamia harusi yetu. Kama kukaa nao ni rushwa, basi mimi nimeipikia rushwa maisha yangu yote. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu mali ya mnada kwenye kochi langu likabaki kwenye kochi. Na kabati lile lilikuwa la mtu mmoja. Uwanja ni wa wote, hata wa huyu mama wa vitunguu, naye hakuwepo kinuni wakati kidole kinatua juu ya meza yake.

Kwa hiyo nitakujibu, ukitaka usinisikilize. Ukinyamaza hadi kura zipigwe, basi ndiyo, ni rushwa, hata kama hukupanda gari. Ukisema kabla, watu wakiwa bado wana kura zao mkononi, hapo sijui itaitwaje. Labda yatakuwa ni mazungumzo kweli, kama ulivyoniandikia mwanzo.

Watakuzomea. Sitakudanganya. Unaweza kushindwa, na najua jinsi unavyolitaka jambo hili, nakuona toka ulipokuwa unahutubia kuku wa mama. Nami nalitaka. Bendera zote hizi sijazishona kwa usingizi.

Jukwaa la Meneja achana nalo. Nimelipangusa sanduku. Viatu usivue, lilishazoea visigino.

Dada yako.


Tarehe 29 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika ndani ya lori la maziwa, nimebanwa kati ya madebe, mwandiko ukicheza usishangae. Dereva alikataa kungoja hata dakika, anasema siasa haigandi lakini maziwa yanaganda.

Wewe ulikuwa mbele na kengele yako, hotuba uliisikia. Acha nikwambie ambayo mtu wa chini hayaoni. Kwanza, sanduku lina mguu mmoja mfupi, na hukuniambia. Kumbe shemeji miaka yote alikuwa anayumba, nasi tukidhani ni madoido ya mnadi. Pili, ukiwa juu pale unaona nyuso zikibadilika kuanzia mbele kwenda nyuma, kama upepo unavyopita kwenye majani. Nilipotaja magari, walio mbele walitabasamu, walishajua. Nilipotaja ramani, tabasamu likafa. Nilipowaambia neno langu mwenyewe, kwamba nilisema nitakukumbuka, nilimwona yule mama wa vitunguu akiangalia chini, mahali aliposimama, kana kwamba ardhi imesogea.

Walipozomea niliyumba, nusura nishuke. Nilishukuru mguu mfupi, walidhani ni sanduku.

Kisha mzee wa saa akauliza, “Na wewe ulichukua nini?” Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikajibu lililokuja, kwamba nilichukua raha ya kuitwa mheshimiwa kabla ya wakati. Wakacheka. Hadi sasa sijui walinicheka au walicheka nami, na nimekuwa nikijiuliza hilo kila kona ya barabara.

Mwenye Kinu alikuwa nyuma kabisa, kando ya gari lake. Nilitamani aondoke. Hakuondoka. Na hapo ndipo lori likapiga honi.

Meneja ameacha kazi. Aliacha pale uwanjani, akarudi tulipofika njiapanda, akaacha tena aliposikia kwamba safari ya mlimani ni ya miguu, sasa yuko mbele yangu kati ya madebe, amekumbatia kipaza sauti na hasemi na mtu. Tunaanza kata za mlimani kesho kwa miguu. Nimekuwa mwepesi kama mtu aliyeshusha gunia.

Niandikie nini kilitokea. Usiniandikie kwa huruma, andika kilichotokea.

Kitinda wako.


Tarehe 7 Oktoba

Kwako mdogo wangu Kitinda,

Leo ndiyo leo. Foleni ya kura imeanzia shuleni, imepita kwa fundi, imefika kizingitini kwangu, na mimi nimekwishapiga yangu, kidole kina wino hadi kwenye karatasi hii, utauona. Nilikaa na habari yako wiki nzima kwa sababu dereva wa maziwa aliumwa. Nilikuwa nakaribia kupasuka.

Lori lako lilipogeuza kona tu, Mwenye Kinu akaanza kuja. Watu wakampisha. Alikuja moja kwa moja hadi kwangu, viatu vyeupe kwa unga, nami nikaikumbatia kengele maana nilijua anakuja kunitukana. Akaliangalia sanduku. Akaniuliza, “Mama, naruhusiwa?” Nikamwambia panda, sanduku halina chama.

Akapanda, Kitinda. Likayumba, akashika bega langu. Sauti yake ni ndogo, sijawahi kusikia tajiri mwenye sauti ndogo vile. Akasema anataka upande wa mashariki, ajenge ghala, unga unalowa. Mzee wa saa akamuuliza, naye anatoa nini? Ameligeuza swali, unaona. Mwenye Kinu akasema atatoa paa, soko lote lisinyeshewe. Mama Viatu akadakia, paa na vyoo. Mama wa vitunguu akauliza yeye na meza yake watakwenda wapi, akaambiwa atapewa mahali mbele ya ghala, akasema anataka mbele kwenye kivuli. Yule kijana mnadi hakujizuia, akaruka juu ya kiti chake cha plastiki akaanza kupokea bei, vyoo mara ya kwanza, kivuli mara ya pili, watu wanapiga kelele, wanacheka, wengine wanapinga kabisa, fundi anasema uwanja usiguswe hata kwa dhahabu, wamemshangilia naye. Mwenye Kinu alikuwa anatokwa jasho na anacheka. Aliniambia aliposhuka kwamba maisha yake yote anapoomba jambo huelekezwa mlango wa nyuma, hajawahi kuonyeshwa wa mbele.

Kijana akaniomba kengele agonge, mnada ufungwe. Nikamkatalia. Uwanja si wetu tuliokuwa pale peke yetu. Litakwenda barazani kwa yeyote atakayeshinda, milango wazi, na sote tumesema tutakwenda kukaa huko.

Nilimkosea Mwenye Kinu, nilidhani atatununia hadi kaburini. Magari ameyarudisha kubeba unga. Mpinzani wako alimwita kwake siku ya pili. Alikwenda, na watu wanasema kila alipoufungua mlango, mwenyeji aliufunga.

Umeniambia nisiandike kwa huruma. Basi jua kwamba wapo waliosema wewe ni mjinga. Wapo wanaopita hapa kwenye foleni wananiangalia kwa macho ya chini, nami najua kura zao zimekwenda wapi. Na wapo wanaonikonyeza. Siwezi kukwambia wepi ni wengi. Ila asubuhi hii yule mteja amekuja kulichukua geti. Fundi akamuuliza kama alifute jina. Akasema liache, litapauka lenyewe.

Sanduku nimempa yule kijana. Aliuliza alama zile za visigino ni za nini, nikamwambia asimame hapohapo. Nikampa na kengele, kabla moyo haujageuka. Nyuma ya mlango kumebaki weupe wa mraba sakafuni. Nimepafagia, nikaona nikuandikie.

Sasa na mimi nina ombi. Nimeanza kwa kwenda nalo kizingitini, lisije likawa la kunong’ona. Kengele sina, nimegonga mlango kwa kiganja. Nikawaambia wa kwenye foleni kwamba dada ana neno lake kwa mdogo wake. Wakaitika kwa pamoja, upande wako na upande wa pili, “Naye anachukua nini?” Nikawaambia dada hachukui kitu, labda barua moja moja.

Ukishinda au ukishindwa, ukiwa huko au njiani kurudi, Kitinda, unikumbuke.

Dada yako.